Kilomita si kipimo cha hija

Mkatoliki wa Gatongora, Ruiru, anayetaka kuhiji kwa miguu ana njia kadhaa. Komarock iko karibu, mashariki mwa Nairobi. Subukia, kwenye kituo cha taifa cha hija ya Bikira Maria, iko kaunti ya Nakuru. Na Namugongo iko Uganda, mamia ya kilomita kutoka Ruiru. Ni rahisi kudhani kwamba njia ndefu ndiyo takatifu zaidi. Sikubali. Njia ichaguliwe kwa kumbukumbu iliyobeba, na Namugongo yenyewe inathibitisha hilo. Mwezi Mei 1886 Kabaka Mwanga wa Buganda aliwahukumu vijana Wakristo wa ikulu yake huko Munyonyo, wakafungwa na kuswagwa kwa miguu kuelekea Namugongo. Baadhi waliuawa njiani. Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Juni 3. Sasa, hujaji anayetoka Kenya kwa miguu huingia Namugongo kupitia barabara ya Jinja, kabla hata ya kufika Kampala, kwa hiyo nyayo za wafiadini hazikanyagi kabisa. Aliyepanda basi usiku, akaanza kutembea kutokea Munyonyo, amewafuata kwa karibu zaidi.

Ataulizwa: toba iko wapi bila jasho? Swali zito, lakini dini zimelijibu zamani. Hadithi sahihi zinasimulia kuwa Mtume Muhammad alimwona mzee akikokotwa na wanawe wawili kwa sababu aliweka nadhiri ya kutembea hadi Kaaba. Akamwamuru apande mnyama. Martin Luther naye, mwaka 1520, aliwalaumu wanaokwenda Roma wakiacha mke na watoto na dhiki nyumbani. Gregori wa Nisa, katika karne ya nne, alikwenda mbali zaidi: kubadili mahali hakumsogezi mtu karibu na Mungu. Ni kweli, lakini ingawa Mungu yuko kila mahali, tukio la Munyonyo halikutokea kila mahali, na kulikumbuka pale lilipotokea kuna maana yake.

Safari ndefu ina jambo moja ambalo basi haliwezi kutoa: kupokewa na parokia za njiani, kulishwa na watu usiowajua. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Hata hivyo, fundi wa mjengo anayelipwa kwa siku hana wiki kadhaa za kutoa sadaka, maana ni karo ya watoto anayoitoa. Huyo aende Komarock. Akipata nauli na ruhusa, apande basi, aanzie Munyonyo.