Ncha ya Pili ya Waya

Tafakari ya juma la kwanza la Majilio. Somo: Mathayo 5:23–24

Jumamosi niliitoa betri ya pikapu nikaipeleka kuchajiwa pale Sanya Juu mjini. Jioni nikairudisha na kuifunga mwenyewe kwa mwanga wa simu: waya mwekundu kwanza, mweusi mwisho, kama nilivyofundishwa. Asubuhi ya Jumapili, baridi bado imelala juu ya migomba, nikazungusha ufunguo. Tik. Nikarudia. Tik, tik, kisha kimya.

Taa zote ziliwaka, na redio nayo ikaimba kwaya. Nikahukumu haraka: umeme upo, kwa hiyo stata imekufa. Mzee wa kanisa niliyekuwa nisafiri naye alishauri tusukume, lakini gari lilikuwa limetazama kilima. Tukautazama ule mpando, tukatazamana, tukampigia simu fundi.

Alikuja kijana mmoja kwa bodaboda, mfukoni ana spana namba 10, msasa na kimita kidogo cha umeme. Akaanza kwa maswali. "Shikamoo Baba Mchungaji. Jana hukugeuza waya?" Nikasema sikugeuza. Akafungua kisanduku cha fusi, ile kubwa akaikuta nzima. Gari lina alamu? Halina. Akanieleza kwamba kuna magari ambayo ukikata umeme, alamu hujifunga yenyewe, nayo hayawaki mpaka uifungue kwa rimoti, na watu wamebadilisha stata nzima kwa sababu hiyo tu. Akashika teminali mbili za betri akazitikisa. Zilikuwa zimekaza. Nikiri kwamba hapo nilijisikia fahari kidogo.

"Ethi yako inaishia wapi?"

Sikujua. Gari nimelitumia miaka, na sikuwahi kujiuliza ule waya mweusi ukitoka kwenye betri unakwenda wapi.

Akapima betri: volti 12.6, imejaa. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia nizungushe ufunguo. Hapo mita haitakiwi kusoma hata nusu volti. Ilisoma zaidi ya 4. "Umeme unatoka vizuri, Baba. Hauna njia ya kurudi." Akajipenyeza chini, akafuata waya hadi pale unapofungwa kwa bolti. Kutu, na tope la masika limekauka juu yake. Jumamosi, nilipokuwa nikivuta waya kuifikia betri, niliilegeza ncha hiyo nisiyoiona, nikakaza kwa bidii ile iliyo mbele ya macho yangu.

Na taa je, mbona ziliwaka? Taa za mbele huhitaji ampia kama 10 hivi. Stata ya dizeli huhitaji mia na zaidi. Njia mbovu hupitisha kidogo, nawe ukaridhika, mpaka siku unapoomba umeme mwingi.

Sasa ndugu zangu, Desemba imefika. Wiki chache zijazo barabara ya Bomang'ombe kuja huku itajaa magari kutoka Dar es Salaam, Dodoma na hata Nairobi. Wachagga tunarudi nyumbani. Tutasali Krismasi katika usharika tulimobatizwa, tutapanda dau kwenye mnada wa sadaka mpaka jogoo mmoja auzwe kwa bei ya mbuzi, tutachoma nyama na kupiga picha na wazee. Mimi hufurahi mno, wala sisemi hayo ni unafiki. Mtu aliyekuwa mbali amejiunga tena, na taa zinawaka kweli. Lakini nimehudumu vya kutosha kujua kwamba wapo wanaokuja mezani pa Bwana wakiwa hawajasalimiana na ndugu wa tumbo moja, anayeishi ng'ambo ya ua, kwa ajili ya hatua tatu za kihamba, shamba la nyumbani.

Yesu alipolisema neno hili la sadaka alikuwa Galilaya, na madhabahu yalikuwa Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Wasikilizaji wake walijua anachodai: umefika, umepanga foleni, mnyama yuko mkononi, kisha unakumbuka, unaiacha sadaka hapo na kurudi siku zote zile hadi kijijini. Ni kama kumwambia mtu aliyefika kanisani Sanya Juu na bahasha yake arudi Dar kwanza. Tena tazameni vizuri: hasemi ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. Anasema ukikumbuka kwamba yeye ana neno juu yako. Mimi ndani yangu naweza kuwa nimekaza kabisa, nimesamehe, nimeomba, nimelala usingizi. Kutu iko upande wa pili, kwake, na huko sijaenda kutazama.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika huku mwaka 1902, alishikilia kwamba usharika usimee juu ya mtu mmoja mmoja, umee juu ya ukoo, ujirani na rika. Wapo wanaosema aliupenda Uchagga wa kale kuliko Wachagga wenyewe walivyoupenda, na siku nyingine nami huwa upande wao. Lakini hapo aliona jambo. Na wazee wetu waliona kabla yake: isale lilelile wanalolipanda kuonyesha mpaka wa kihamba ndilo ambalo jani lake hupelekwa kuomba msamaha. Mche mmoja, kazi mbili. Anayeletewa jani hilo si rahisi alikatae.

Fundi alisugua bolti kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi. Gari likawaka kwa mkupuo mmoja. Nilipofika kwenye kanisa la mtaa wimbo wa pili ulikuwa umekwisha, na mwinjilisti alikuwa anaongoza liturgia kwa utulivu ulionitia aibu. Fundi hakudai pesa nyingi. Alidai tu nisiguse tena ethi bila kumwita.

Mimi nina kaka Machame. Tuliachana vibaya baada ya msiba wa mama, kwa maneno yangu zaidi kuliko yake. Nimemwombea kila juma tangu hapo, na sijapanda kwake hata mara moja. Jumamosi hii nashuka Bomang'ombe, nashika njia ya Moshi, kisha napanda. Masale ya mpakani pale nyumbani yamenipita kimo sasa. Nitaomba kisu kwa shemeji.