Musa Alipoziokota Mbao

 

Ndugu zangu katika imani, usiku wa Ijumaa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia Shule ya Sekondari Lhubiriha, Mpondwe, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Bweni la wavulana lilichomwa moto na watoto wakiwa ndani. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kwetu Kyondo, Mpondwe ndiko sokoni; tunateremka na kahawa, tunapanda na samaki. Msiba ule haukuwa wa kusikia redioni tu.

Kwanza niliwakasirikia wauaji, wanaolitaja jina la Mwenyezi Mungu, jina lile lile ninalolitaja nikisujudu. Siku chache baadaye, ndani ya taksi ya kwenda Bwera, abiria mmoja aliitazama kofia yangu akauliza kwa sauti, "Watu wenu wameridhika sasa?" Hakuna aliyemjibu. Nami niliivua kofia nikaitia mfukoni.

Jioni ile sikuswali Maghribi, wala Isha, wala siku zilizofuata. Naandika kwa aibu, lakini nikificha hili sina la kuwaambia. Haukuwa uvivu. Niliona Mola amefunga mlango, nami nikaufunga kwa upande wangu.

Dawa za hasira tunazijua tangu madrasa: umesimama, kaa, umekaa, lala, tia udhu. Ni mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) na nimeyaona yakifanya kazi. Safari hii mwili ulikaa, moyo ukakataa kukaa.

Tena nilimgeukia mzee wangu. Alikuwa akienda kila siku matangani kwa jirani Mkristo aliyefiwa, na kanzu yake mwilini. Nikamfokea uani kwamba anajipeleka kutukanwa. Hakunijibu neno.

Shehe wetu aliposikia hakunikemea. Aliniuliza kama nimeisoma vizuri habari ya Nabii Musa (a.s.) katika Sura Al-A'raf. Musa anateremka mlimani, anakuta watu wake wamemwabudu ndama. Anazitupa mbao zenye mawaidha ya Mola wake, anamkamata Harun kichwani na kumvuta kwake. Harun anamwita mwana wa mama yake, anamsihi asiwafurahishe maadui. Aya chache mbele, hasira inapotulia, Musa anaziokota mbao. Baadaye nilirudi kwenye Kiarabu chake: kitenzi ni cha kunyamaza, kana kwamba hasira ni mtu aliyekuwa akimpigia Musa kelele sikioni.

"Umezitupa," shehe akasema. "Sawa. Ziko wapi sasa?"

Nilitarajia kuhesabiwa madhambi. Badala yake nilibaki nikimfikiria Harun. Aliyetengeneza ndama alikuwa mwingine, lakini aliyevutwa kichwa ni ndugu aliyekuwa karibu. Mzee wangu hakuchoma bweni.

Na lile la kukata tamaa? Nabii Yaqub (a.s.) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, na bado akawakataza wanawe kukata tamaa na rehema ya Allah. Angalia alikoyapeleka malalamiko yake: kwa Allah Mwenyewe. Mimi nilinyamaza nikidhani ndiyo adabu, kumbe nilikuwa nimeacha kuzungumza na Mola wangu kabisa. Ndugu msomaji, kama una la kumlalamikia, sijdah ina nafasi yake. Usiku ule niliswali Isha vibaya, nikilia na kuuliza, bila kupata jibu lolote. Alfajiri niliamka nikaswali tena.

Asubuhi nilimwomba mzee msamaha, nikabeba kuni, tukaenda naye matangani. Nilivaa kofia. Watu walitutazama, siwezi kusema hawakututazama. Bibi mmoja aliyekuwa jikoni akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia.

"Basi, mwanangu, kuni ziweke pale," akasema, "kisha utuletee maji."