Haki ya Njia Wakati wa Mvua

Je, njia iliyo mali ya watu wote yaweza kupitwa na kila mtu, wakati wowote apendao? Wengi watajibu upesi kwamba ndiyo, kwa kuwa mali ya umma haina mwenyewe awezaye kuwazuia wengine. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi.

Tuchukue mfano wa mchezo mmoja wa siku hizi. Mwezi wa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa ishara za satelaiti zinazopokewa na raia. Siku chache baadaye ulizuka mchezo wa kuficha kopo porini au mlimani na kutangaza mahali lilipo kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Alipataye huandika jina lake katika kijitabu kilichomo, kisha hulirudisha. Mchezo huu ni mwema, nao humfundisha kijana jiografia kwa miguu yake mwenyewe. Lakini katika nchi za baridi huleta ubishi: barabara nyingi za misitu ya milimani hufungwa wakati wa theluji na matope, na wachezaji huuliza kwa nini wazuiwe kuingia na magari yao, hali barabara zilijengwa kwa kodi zao.

Huku kwetu hakuna theluji, bali swali lenyewe lipo. Mkazi wa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, akitazama mashariki huona milima ya ule mgongo ugawao maji ya Kongo na maji ya Naili. Juu ya mgongo huo, kwa upande wa kaskazini, umo msitu wa Kibira, wenye hekta zipatazo 40,000, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980. Barabara ya lami hupanda kutoka mjini mpaka Bugarama na kuendelea Kayanza; lakini njia nyingi zinazochepuka kuelekea msituni na kwenye mashamba ya chai ni za udongo. Gari zito likipita humo siku ya mvua, huacha mifereji miwili. Maji huifuata na kuichimba, hata ikawa korongo. Ndiyo sababu mashariki ya Kongo na nchi jirani watu waijua bariyeri ya mvua: gogo hushushwa barabarani mvua inyeshapo, na magari hungoja mpaka udongo ukauke.

Basi ni nani apatwaye na hasara? Si yule aliyepita, kwani yeye amekwisha kwenda zake. Ni mchuma chai wa Teza au Rwegura, ambaye majani yake yasipofika kiwandani siku ileile huharibika. Ni mama mwenye uchungu, abebwaye kwa machela kwa kuwa gari halifiki tena. Hata sisi wa mjini tumo. Udongo uchukuliwao na maji katika vilima vya Rwegura huingia katika bwawa lililojengwa miaka ya 1980 kutupatia umeme. Tena mitaa ya kaskazini yajua maji ya mlimani ni nini: usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mafuriko yaliwaua humo watu zaidi ya 60. Sisemi kwamba yaliletwa na magurudumu; nasema tu kwamba litendwalo kwa udongo wa juu halibaki juu.

Pengine mtu atasema: sheria ni msumeno, akizuiwa mchezaji, azuiwe na mgonjwa. Hapana. Kuwatendea sawa watu wenye haja zisizo sawa si haki. Kopo laweza kungoja kiangazi cha Juni hadi Agosti, wala halitaoza. Uchungu wa uzazi haungoji. Na aendaye kwa miguu asihesabiwe kama aendaye kwa lori, maana kipimo ni madhara atakayoyaacha.

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba gogo hushushwa mbele ya mnyonge na kuinuliwa mbele ya mkubwa au mwenye fedha. Hofu hii ni ya kweli. Penye upendeleo wa namna hiyo, kutii hugeuka kuwa alama ya umaskini, na kizuizi hupoteza heshima yake. Lakini dawa yake si kila mtu kulivunja gogo. Ni kudai limzuie kila asiye na dharura, awe nani.

Sisi walimu huwafundisha wanafunzi kwamba subira yavuta heri. Yafaa tuwaulize: heri ya nani? Kwa kawaida methali hufasiriwa kuwa asubiriye ndiye atakayefaidika. Penye kizuizi cha mvua mambo ni kinyume: asubiriye hupoteza siku yake, na heri humwendea mtu asiyemjua, atakayepita kesho akiwa na mzigo au mgonjwa. Hiyo ndiyo subira ngumu, kwa kuwa haina malipo wala shukrani. Lakini pasipo subira hiyo, neno “umma” hubaki neno la kamusi. Njia ya wote ni pamoja na ya wale ambao bado hawajafika.