Mama Maria Ukutani, Dada Nje ya Kihamba



Jioni moja baada ya Rozari, kijana mmoja wa jumuiya yetu aliuliza: "Eti Mama Maria si ndiye yule mungu mke wa wakulima wa kale, sisi tumembadilisha jina tu?" Wengine walicheka. Mimi nilikwenda na swali lile nyumbani.

Hapana, ndugu yangu. Maria ni kiumbe kama sisi. Tunamheshimu, tunayemwabudu ni Mungu peke yake. Lakini swali lako lina somo.

Kule Çatalhöyük, Uturuki, watu walilima miaka kama 9,000 iliyopita. Mwaka 1961 ilipatikana sanamu ya udongo ya mwanamke ameketi katikati ya wanyama wawili wa jamii ya chui. James Mellaart, aliyeongoza uchimbaji, alisema ni mungu mke, na wengi wakaamini kwamba basi wanawake ndio walitawala. Timu ya Ian Hodder, iliyochimba tena kuanzia 1993, haikukubali haraka hivyo. Ila mifupa iliwaonyesha kitu: wanaume na wanawake walikula chakula kinachofanana. Yaani heshima ya mwanamke usiitafute kwenye sanamu, itafute kwenye sahani.

Sasa turudi kwetu mlimani. Wazee wetu walimwita Mungu Ruwa, neno lile lile la jua. Misheni ya Kilema ilianza 1890. Rozari tumeisali miaka zaidi ya mia. Lakini nani anabeba majani ya ng'ombe? Nani anatia samadi kwenye migomba? Mama na dada. Kihamba kikigawanywa, wanaitwa watoto wa kiume.

Dada yangu aliomba kipande cha kujenga. Baba mdogo akajibu, "Huyu ataolewa." Mimi nilikuwepo. Nilinyamaza, maana kipande kile kingekuja kwangu. Usiku nikasali Salamu Maria hamsini.

Soma Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Ni kweli, wao hawakuwa na kaka. Dada yangu anaye, na kaka huyo ni mimi.

Desemba hii ukoo ukikutana, nitampelekea dada jani la isale, kama mila yetu inavyotaka mtu akiomba msamaha. Kisha nitasema mbele ya wazee: changu tugawane. Naogopa, jamani. Niombeeni.

Na wewe, kabla hujashika rozari leo, jiulize: dada yako ana nini mkononi?

Mama Maria, utuombee.