Kinga Isiyobeba Mtu

Mimi naishi kambini, na mwezi uliopita nilikwenda kupiga kambi. Nikisema hivyo mbele ya vijana wa kikundi chetu hapa Nakivale, wanacheka. Mama yangu hakucheka.

Ilikuwa hivi. Mfanyakazi mwenzangu, mgeni ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha, alikuwa na baiskeli ya kukunja. Ni Brompton, ile iliyobuniwa London na Andrew Ritchie katika miaka ya 1970. Magurudumu yake ni ya inchi 16, kama ya baiskeli ya mtoto, na ukishaijua unaikunja ikawa furushi la kuingia kwenye buti ya taksi. Akaniambia, chukua, nenda nayo Ziwa Mburo Ijumaa mpaka Jumapili, ulale kwenye hema, upumzike kidogo. Mimi sijawahi kulala kwenye hema kwa kupenda. Nikakubali.

Alhamisi jioni akaja nyumbani kunifundisha kupanga mzigo. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi, kumbe baiskeli hii ina sheria zake. Begi kubwa linakaa mbele, na halining'inii kwenye usukani. Linachomekwa kwenye kishikizo kilichofungwa kwenye fremu yenyewe, kwa hiyo hata likiwa zito usukani hauvutwi. Humo ndimo vinakwenda vitu vizito, chini kabisa: sufuria, jiko dogo la gesi, maji, spana, viraka vya tairi. Nyuma, juu ya keria, unafunga kitu chepesi tu, kama fuko la kulalia, maana ukijaza sana nyuma, kwenye mlima baiskeli inataka kuinua kichwa. Mifuko ya ubavuni usijaribu, visigino vitaigonga. Na sheria kubwa kuliko zote: ukitaka kuikunja, lazima kwanza uondoe begi. Basi ukipanda taksi una vitu viwili. Mkono mmoja baiskeli, kilo 12 hivi, mkono wa pili mzigo. Safari nzima inapimwa kwa huo mkono wa pili. Kisichobebeka kinabaki.

Alilitamka neno hilo, kinabaki, kwa urahisi sana, huku akitoa shati langu la tatu na kuliweka kitandani.

Mama akaingia, akaona hema limefungwa, sufuria ndani ya begi, blanketi limekunjwa. Akasimama. "Unakimbia wapi tena, wee?" Nikamweleza ni siku mbili tu, ni mapumziko. Akanyamaza, akatoka, akarudi na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki, kamba, na nakala ya karatasi yetu ya familia. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye orodha ya mwenzangu. (Chumvi alikuwa ameisahau kabisa. Hapo mama alishinda.)

Kwanza nilifikiri tofauti yao ni woga, kwamba mama anaongeza vitu kwa sababu anaogopa, na mwenzangu anapunguza kwa sababu haogopi. Sasa naona si hivyo. Mwenzangu anaweza kusafiri mwepesi kwa kuwa vitu vyake vingine vyote viko mahali, nyuma ya mlango uliofungwa, vinamngoja. Wepesi wake unabebwa na nyumba. Mama anapanga mzigo kama mtu ambaye nyumba haikumngoja. Na usisahau kwamba hii kambi yetu ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kambi ina umri mkubwa kuliko mama. Ndugu zetu mnaofanya kazi nasi, mkituona tunatunza madumu yaliyotoboka na kamba fupi zisizofaa kitu, msidhani ni uchafu.

Kuna mpiga picha, Brian Sokol, ambaye kwa kushirikiana na UNHCR aliwapiga picha wakimbizi wakiwa na kitu muhimu kuliko vyote walichoondoka nacho. Kazi hiyo aliianza mwaka 2012, mwaka uleule tuliokimbia sisi. Swali lake limesambaa, hata kwenye semina za vijana tunaulizwa: ungeondoka na nini? Nami nimewahi kuwauliza vijana wangu hivyo, wakajibu vizuri, simu, cheti cha shule, picha ya bibi. Lakini siku hizi swali hilo linanisumbua. Linadhani kwamba mtu hubeba anachokipenda. Mtu hubeba kinachobebeka.

Nitasema jambo la nyumbani kwetu.

Mwaka 2012 tulipotoka upande wa Rutshuru kuelekea Bunagana, nilikuwa na miaka 12. Tulikuwa na baiskeli moja, nyeusi, kubwa, yenye keria ya chuma. Sisi kwetu baiskeli tunaiita kinga. Nilipojifunza Kiswahili cha vitabu nikakuta kinga ni kitu cha kumlinda mtu, nikashangaa. Baba alifunga kwenye keria gunia la maharage, na juu yake sufuria mbili. Mbele ya nyumba ya jirani alikuwa amekaa muzee mmoja, mguu wake mmoja ulikuwa mgonjwa, watoto wake walikuwa mbali. Hakuomba kitu. Alitusalimia, akauliza kama tumefunga mlango. Baba akamwambia, "Muzee, tutarudi kukuchukua." Tukaenda.

Hatukurudi. Sijui yaliyompata.

Tulipovuka mpaka na kufika kituo cha Nyakabande, tulipewa chakula kilichokwisha kupikwa. Yale maharage hatukuyahitaji siku hiyo, wala siku zilizofuata. Baba aliyatazama lile gunia na hakusema neno. Nimemwona baba akitazama vitu vingi, lakini sijamwona tena akitazama kitu namna ile.

Nililipeleka jambo hili kwenye kikundi, bila kusema ni baba yangu. Wakagawanyika mara moja. Msichana mmoja alisema mzee mwenye mguu mgonjwa asingeweza kukaa juu ya keria siku nzima kwenye mawe yale, angeanguka, na watoto wangekosa chakula bure. Kijana wa Goma akamkatalia kabisa: chukudu ya mbao inabeba magunia mangapi, na watu wanaisukuma mlimani na kuishusha? Mzee mmoja ni nini? Mwingine akauliza swali ambalo sikulitegemea, kama ni haki kumpima mtu kwa jambo alilolijua baadaye. Njiani hakuna aliyejua kwamba Nyakabande kuna chakula. Baba alijua kitu kimoja tu, ana watoto wanne na gunia moja.

Nimekaa na swali hilo. Naona huyo kijana ana haki. Ukiniuliza kuhusu maharage, simhukumu baba. Mtu akiwa na mkono mmoja wa mzigo, na watoto wake wanamtazama, kuwachagua watoto si dhambi. Kinachonishinda ni lile neno "tutarudi". Baba alilisema ili mzee asiumie, au ili yeye mwenyewe aweze kusukuma baiskeli mbele. Sijui ni lipi. Lakini nafikiri mzee alistahili kuambiwa kweli, ili naye apange. Labda angemwomba mtu mwingine. Labda angejikongoja kwa fimbo mapema, kabla njia haijajaa. Aliachwa akingoja, na kungoja kunakula muda wa mtu. Sisi tunaoishi hapa, tunaoambiwa kila mwaka kwamba majina yetu yanashughulikiwa, tunalijua hilo vizuri. Afadhali uniambie huna nafasi.

Kuna atakayesema ni rahisi kwangu, nimekaa, nimeshiba, nina kalamu. Ni kweli. Baba mwenyewe sijamwambia haya. Labda atayasoma hapa.

Safari yenyewe haina mengi. Taksi mpaka Mbarara, taksi nyingine mpaka Sanga, halafu barabara ya vumbi kwa magurudumu madogo ambayo kila jiwe wanalisikia makalio. Pundamilia, swala, viboko wakikoroma usiku karibu na hema, usingizi kidogo. Nilifurahi, na sioni aibu kusema nilifurahi.

Ila narudi kwenye ile Alhamisi. Mwenzangu alikuwa ameondoka, begi limefungwa, baiskeli imesimama katikati ya chumba. Mama akaizunguka kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Akaigusa keria, akaisukuma kwa kiganja.

"Na hii kinga, haina nafasi ya mutu?"

"Hapana, mama. Keria haiwezi. Ni ya mtu mmoja tu."

Akafikiri.

"Basi ni muzuri," akasema. "Hakuna atakayekuangalia."

Akachukua ile karatasi ya chumvi, akaifunga upya, akaniambia nisiiweke karibu na maji.