Pole Zisizo Zangu



Mhariri aliniomba niandike juu ya Muislamu na sanaa. Mara mbili nimeanza makala ya namna hiyo, yenye hoja za wanaoruhusu huku na hoja za wanaokataza kule, na mara zote mbili nimeichana. Kuna jambo lililonipata nyumbani Tororo wakati wa likizo, na mpaka nilieleze hilo, sioni nitazungumzaje juu ya sanaa bila haya.

Vijana wa mji wetu waliandaa usiku wa hip hop na sanaa. Ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, picha za wachoraji zimebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, spika mbili na moja inakoroma. Kwetu ni mpakani, kwa hiyo anayepanda jukwaani huchana kwa lugha iliyomjia kwanza: Kidhopadhola, Kiteso, Kiganda, Kiingereza cha shule, au Kiswahili kile cha madereva wa malori. Mimi nilipanda na shairi la Kiswahili. Nilighani bila ala yoyote, na Isha nilikuwa nimeshaiswali. Nalitaja hili kwa ajili ya wale ambao wangeniuliza kabla hawajafika aya ya tatu.

Shairi lilikuwa la kijana ambaye baba yake, dereva wa lori, alifariki kwenye foleni ya Malaba mwaka 2020. Mnaukumbuka mwaka ule. Mwezi wa Machi Uganda ilifunga mipaka kwa wasafiri, malori ya mizigo tu yakaruhusiwa kupita, na madereva walipoanza kupimwa korona, foleni upande wa Kenya ikawa ya kuhesabiwa kwa kilomita. Watu walipika na kulala chini ya malori yao siku nyingi. Katika shairi, baba ana maradhi ya sukari, dawa inamwishia, anafia kwenye kiti chake cha usukani. Mwana yuko upande wa huku. Malaba si mbali na Tororo, ukipanda teksi hujamaliza hata mazungumzo umefika, lakini mwana hawezi kuvuka. Janaza inaswaliwa ng'ambo na watu wachache, naye anaelezwa kwa simu.

Mambo haya yalitokea kweli, ila hayakunitokea mimi. Baba yangu yu hai, ana duka la vipuri vya baiskeli, na usiku ule alikuwa nyumbani akitazama taarifa ya habari. Yalimtokea rafiki yangu, niliyesoma naye shule moja na madrasa moja. Baada ya msiba ule aliacha masomo akaanza kuendesha boda boda, kazi ambayo hata jina lake lilizaliwa hukuhuku mpakani, Busia. Mimi nikaendelea hadi chuo kikuu. Alinisimulia habari za baba yake usiku mmoja tumekaa juu ya pikipiki yake iliyozimwa, na sikumwambia kwamba nitazitungia shairi, kwa sababu wakati ule nilikuwa sijui.

Mwanzoni niliandika "yeye". Yeye alipigiwa simu, yeye alisimama barabarani. Lilikuwa shairi zito kama ripoti. Siku mbili kabla ya onyesho nikabadilisha kila "yeye" kuwa "mimi", na likaamka. Nililisoma chumbani nikatokwa na machozi yangu mwenyewe, na nikaona hiyo ndiyo dalili kwamba nimefanya sawa.

Ukumbini kulikuwa kimya. Nilipomaliza watu wakapanda kunitunza, noti ndogondogo, nyingine zimekunjwa mkononi kama za harusini. Nilipokuwa nashuka, mzee mmoja mwenye kofia, anayekaanga chapati pale mlangoni, alikuwa ameacha kikaango chake na kuingia ndani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye unga. "Pole sana mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako." Akaniachia shilingi elfu tano kiganjani.

Nikasema, "Ahsante mzee. Amin."

Sasa nauliza: uongo ulikuwa wapi? Katika shairi, au katika hiyo "amin"?

Jibu langu la kwanza lilinijia haraka kwa sababu lilikuwa linanifaa. Shairi ni shairi. Kila anayesoma sira anakijua kisa cha Ka'b bin Zuhayr, aliyemjia Mtume (s.a.w.) akiwa mtu aliyeharamishiwa usalama wake, akasilimu na kughani qasida yake mbele ya masahaba. Qasida ile inaanza kwa kumlilia mwanamke aitwaye Su'ad aliyeondoka. Katika kisa kama kinavyosimuliwa hakuna anayemsimamisha Ka'b amuulize Su'ad ni nani na ameondoka lini. Inasimuliwa kwamba alivikwa joho la Mtume mwenyewe. Kumbe "mimi" ya mshairi si "mimi" ya shahidi mbele ya kadhi, nikajiambia, nikalala vizuri.

Asubuhi rafiki yangu akaja. Hakuwapo ukumbini, alikuwa kazini. Ila usiku ule alimpakia abiria aliyetoka kule, na abiria njia nzima akamsimulia habari za kijana mshairi aliyefiwa na baba yake kwenye foleni ya Malaba, hakuruhusiwa kumzika, masikini ya Mungu. Rafiki yangu aliendesha tu. Alimfikisha, akachukua nauli yake.

Hakunigombeza. Aliniomba nimsomee shairi, nikamsomea, akasema ni zuri. Kisha akasema: "Wakati ule mikusanyiko ilikatazwa. Hatukuweka matanga, hatukusoma hitima, hakuna mtu aliyekuja nyumbani kutupa mkono. Sasa zile pole zimekuja, umezipokea wewe."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikirudia kisa kingine, ambacho Ibn Kathir anakitaja katika tafsiri yake ya mwisho wa Surat Ash-Shu'araa, pale washairi wanapolaumiwa kwamba husema wasiyoyatenda, kisha wakavuliwa katika lawama hiyo wale walioamini na kutenda mema. Nu'man bin Adiy alikuwa liwali wa Maysan, Iraq, zama za Sayyidna Umar (r.a.). Alitunga beti za kujisifia ulevi. Zikafika Madina, Umar akamwuzulu. Nu'man akaja akiapa kwamba hajawahi kuionja pombe, yalikuwa maneno ya mshairi tu. Umar akamwambia kwamba anamsadiki, lakini hatamfanyia kazi tena.

Wengi hukisoma kisa hiki kama ukali wa Umar. Mimi naona kuna hukumu mbili ndani yake na hazigongani. Umar hakumpiga Nu'man bakora za mlevi. Alikubali kwamba beti si ungamo. Hapo mshairi amepata haki yake (ingawa Ibn Kathir anatukumbusha kwamba wanazuoni walikhitalifiana kuhusu mshairi anayekiri kosa la hadi ndani ya shairi). Lakini pia hakumrudishia kazi. Liwali ni mtu ambaye watu wa Maysan wanalazimika kulichukua neno lake kama lilivyo. Huwezi kuwa mtu huyo asubuhi, na jioni ukawarushia watu "mimi" ambayo hawajui waiweke wapi.

Na hapo ndipo hoja yangu ya Ka'b ilipoanza kuvuja. Waarabu wa Madina walijua kwamba qasida huanza kwa mpenzi aliyehama. Ilikuwa ada yao, na mafakihi wetu hufundisha kwamba ada huangaliwa katika kufahamu maneno ya watu. Je, ada ya jukwaa la hip hop ni ipi? Ni kinyume chake kabisa. Tangu karamu zile za Bronx, New York, mwaka 1973, sanaa hii imejijengea sharti kwamba anayeshika kipaza sauti aseme alikotoka. Kuandikiwa mistari na mtu mwingine huonekana aibu. Kujisingizia mtaa usioishi ni aibu zaidi. Usiku ule mwenyewe mshereheshaji alifungua kwa kusema hapa watu wanasema maisha yao. Nilimsikia. Nilikuwa nimekaa safu ya pili nikiipitia karatasi yangu. Kwa hiyo mtu aliyeisikia "mimi" yangu akaiamini hakuwa mjinga wa mashairi. Alikuwa amelielewa jukwaa sawasawa kuliko nilivyotaka kulielewa mimi.

Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi wa wasia mnamo 1858, alikuwa mgonjwa kweli na binti alikuwa wake kweli. Nadhani nusu ya uzito wa utendi ule unatoka hapo, wala si kwenye vina. Mimi nilitaka uzito huo bila kulipa bei yake. Inaniuma kuandika hivyo, lakini "yeye" haikuwa dhaifu kwa sababu ya sarufi. Ilikuwa dhaifu kwa sababu nilikuwa najua kidogo mno juu yake. Ningerudi kwa rafiki yangu nimuulize zaidi, kwa mfano baba yake alikuwa akipenda kula nini njiani, "yeye" ingeamka yenyewe. Nikaona rahisi zaidi kumwondoa na kukaa mahali pake.

Sisemi kwamba mshairi asiseme "mimi" kwa niaba ya mtu mwingine. Nikisema hivyo nitakuwa nimezifunga tenzi na tamthilia zote za Waswahili, na sina mamlaka hayo. Nasema mlango ulikuwepo na sikuupita. Ningeweza kusema kabla ya kuanza kwamba msiba huu ni wa mtu ninayempenda. Ningeweza, hata baada ya yote, kumwambia mzee wa chapati maneno manne: baba yangu yu hai. Sikusema kwa sababu mikono yake ilikuwa ya joto, na kwa sababu watu wawili walikuwa wanatutazama.

Fedha zilikuwa elfu arobaini na tatu. Nilimpa rafiki yangu zote. Nilidhani atazikataa, na nusu yangu ilitaka azikatae ili nijione mwema. Alizihesabu, akasema zitasaidia nauli ya mama yake kwenda kulizuru kaburi, kisha akatenga noti moja ya elfu tano. "Hii ni ya yule mzee. Mwambie kwanza." Shairi naye akalichukua. Amelirudishia "yeye" sehemu tatu kwa kalamu nyekundu, na amenikataza kulisoma mpaka atakapokuwapo. Makala hii pia ameisoma kabla yenu, akafuta sentensi mbili.

Nilimkuta mzee siku ya Ijumaa baada ya swala, anawasha mkaa. Nikamsalimu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Nikamnyooshea ile noti. Aliendelea kupepea jiko kwa kipande cha boksi, kimya, mpaka nikadhani hakunisikia.

"Hiyo niliitoa ya msiba," akasema mwishowe. "Mpelekee mwenye msiba." Kisha akainua uso. "Na huyo baba yake aliitwa nani? Mimi tangu siku ile naomba dua, nataja baba yako."

Nikamtajia jina. Akalirudia taratibu mara mbili, asije akalikosea, akarudi kwenye mkaa wake.