Kadi Iliyotiwa Alama



Sisi tuliohamia Ontario hatukuja na mpira wa magongo wa barafuni katika mizigo yetu. Tuliukuta huku, watoto wakatuletea nyumbani, na leo wapo kati yetu wanaowajua wachezaji wa zamani kama wanavyowajua wajomba zao. Ndiyo maana jambo dogo lililotokea majira ya baridi yaliyopita likatugawa, na mpaka sasa tunalijadili.

Mzee mmoja, jirani wa familia mojawapo ya jumuiya yetu, alikuwa anahamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alimwita kijana wa familia ile, mwenye umri wa miaka 12, akamkabidhi boksi la viatu. Ndani mlikuwa na seti nzima ya kadi za O-Pee-Chee za msimu wa 1971-72, kadi 264, alizozikusanya akiwa mtoto.

Kwa wasiojua, O-Pee-Chee ilikuwa kampuni ya peremende na chingamu ya mji wa London, hapa hapa Ontario. Kadi zenye picha za wachezaji ziliuzwa ndani ya pakiti pamoja na chingamu. Watoto walizinunua kwa senti chache, wakabadilishana shuleni, na wengine wakazibana kwenye spoki za baiskeli ili zipige kelele. Katika seti hiyo zimo kadi za mwanzo za Guy Lafleur, Marcel Dionne na golikipa Ken Dryden, yule ambaye baadaye alikuwa mwandishi, mbunge na waziri, na aliyefariki Septemba 2025.

Habari ikaenea, na kama ilivyo kawaida yetu kila mtu akawa na la kusema. Wengine walisema zawadi haiuzwi. Wengine walisema zipelekwe kupimwa, kisha ziuzwe. Mama mmoja alitukata kauli wote: "Ada ya chuo hailipwi kwa kumbukumbu." Hatukuwa na jibu la haraka.

Kupimwa ni hivi. Mwenye kadi huipeleka kwa kampuni ya wataalamu. Wao hutazama pembe zake, kingo zake, uso wake, na kama picha imekaa katikati. Hukagua pia kama ni ya kweli na kama haijakatwa ili ionekane mpya. Kisha huipa alama kuanzia 1 hadi 10 na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. PSA ya Marekani, mojawapo ya kampuni kubwa za kazi hiyo, ilianza mwaka 1991. Wakusanyaji wa seti huandikisha kadi zao katika daftari la kampuni na kushindana nani ana seti yenye wastani wa juu.

Tofauti ya alama moja si mchezo. Kadi za O-Pee-Chee zilikatwa ovyo kiwandani, kingo zikabaki na nyuzinyuzi, kwa hiyo zilizotoka safi kabisa ni chache mno. Kadi ya mwanzo ya Wayne Gretzky, ya msimu wa 1979-80, yenye alama 10, iliuzwa kwa dola za Kimarekani milioni 1.29 mwezi Desemba 2020. Mwaka 2021 kadi ya aina hiyo, yenye alama hiyo hiyo, ikafika milioni 3.75.

Hebu tujiulize: hiyo 10 inasifia nini hasa? Gretzky yuleyule yumo kwenye kadi yenye alama 3. Tofauti ni kwamba ile ya 10 haikutiwa mfukoni, haikubadilishwa na rafiki, haikulaliwa chini ya mto. Inasifiwa kwa yale ambayo haikufanyiwa.

Ushahidi mkubwa zaidi ni kadi ya orodha. Katika seti nyingi za zamani kulikuwa na kadi isiyo na mchezaji, yenye majina ya kadi zote na visanduku vidogo pembeni. Mtoto akipata kadi, anatia alama kwa kalamu. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo ndilo lilikuwa daftari la mtoto. Leo kadi ya orodha iliyotiwa alama imeshuka bei, na PSA huweza kuibandika herufi MK kuonyesha dosari hiyo. Ile ambayo haikuguswa ndiyo inayogombaniwa. Yaani kadi iliyofanya kazi yake imeadhibiwa, na ile ambayo haikufanya kazi hata siku moja imetunukiwa.

Mwaka 2024 mambo yalifika mbali zaidi. Katoni ya kadi za 1979-80, iliyokuwa haijafunguliwa tangu kiwandani, ilipatikana katika nyumba moja mjini Regina, Saskatchewan. Ndani mlikuwa na boksi 16. Mnadani bei yake ilipanda hadi zaidi ya dola milioni 3.7. Hakuna aliyeona kadi hata moja iliyomo ndani, na kutoonekana kwenyewe ni sehemu ya bei.

Lakini tusiwaonee wakusanyaji. Kadi za bandia za Gretzky zimejaa sokoni, na mnunuzi asiye na jicho la utaalamu anahitaji mtu wa kumkinga. Tena anayetunza kitu miaka 50 bila kukikunja amefanya kazi, na si haramu alipwe. Bei inajibu swali moja, nalo ni: vipo vingapi vya hali hii, na wangapi wanavitaka? Swali hilo ni halali.

Hata jibu lake, hata hivyo, hutoka kwa binadamu. Mwaka 1991 huyo huyo Gretzky, pamoja na Bruce McNall, walinunua kwa dola 451,000 kadi maarufu ya Honus Wagner wa besiboli. Ilikuwa kadi ya kwanza kupimwa na PSA, ikapewa 8. Mwaka 2013 muuzaji Bill Mastro alikiri mbele ya mahakama kwamba aliikata kingo kabla. Namba ilikaa kwenye plastiki miaka yote hiyo ikisema neno moja, na karatasi ndani yake ikijua jingine.

Kosa, kwa maoni yetu, linaanza pale namba inapoulizwa maswali yasiyo yake: kitu hiki kina maana gani, kilimfaa nani, nani alikipenda? Hapo haina sauti. Nasi tusicheke wengine. Nani kati yetu hana vikombe vya kabatini, vilivyobebwa toka Mombasa au Dar es Salaam, ambavyo havijawahi kunywewa chai? Wapo pia wanaomkatiza mtoto kila akikosea ngeli, mpaka Kiswahili chake kikabaki safi kabisa kwa kuwa hakisemwi tena. Tungependa kisikike kikiwa na pembe zilizochakaa.

Mwishowe familia ile ilipeleka kadi tatu tu, Dryden, Lafleur na Dionne. Zikarudi na alama 5, 6 na 4. Kijana akauliza, "Sasa hapa nani kafeli?" Ziliuzwa, fedha zikawekwa kwa ajili ya masomo, na mzee alipoulizwa kabla ya hapo alikuwa ameridhia. Mama yule alikuwa na haki yake.

Kadi ya orodha mwenye duka aliisukuma pembeni; ilikuwa imejaa alama za kalamu. Kijana alimpelekea mzee. Mzee aliishika muda mrefu, akamwonyesha kwamba alama za bluu ni zake, na zile nyekundu ni za kaka yake, ambaye sasa ni marehemu. Walikuwa wakichangia senti.

Iko kwake mpaka leo, ukutani kando ya kitanda. Haina plastiki.